Wa Kwanza Kati ya Nani? Jinsi ya Kusoma Matokeo ya Kupima Viongozi

UZI. Haya ni maneno niliyowaambia vijana wenzangu hapa Kakamega tulipokaa kujadili zile orodha za "kiongozi bora" zinazosambaa kila baada ya miezi michache. Kuna walioomba maandishi, kwa hivyo nayaweka hapa vipande vipande, karibu vile nilivyoyasema. Kanuni yetu ni ile ile: hakuna jina la mwanasiasa, hakuna jina la chama. Tunajadili hoja.

1/
Mulembe wenzangu. Asanteni kwa kuja, na wazee mliokaa pale nyuma, asanteni zaidi kwa kutuvumilia.

Nianze na jambo mnalolijua kuniliko. Mtu akirudi kutoka Khayega au Malinya akuambie fahali wa fulani ameshinda, huwezi kumpa hongera ukaishia hapo. Utauliza: amepigana na nani? Huyo mwingine alikuwa na uzito gani? Alikuwa mzima au alikuja akichechemea? Hata mtoto wa Ikolomani anajua kwamba ushindi bila jina la aliyeshindwa ni habari nusu.

Lakini picha ikiingia kwenye grupu ya WhatsApp imeandikwa "Nafasi ya tatu kati ya magavana 47, asilimia 68", sisi hao hao tunaisambaza bila swali hata moja. Anayempenda huyo kiongozi anaweka makofi. Asiyempenda anaandika "hizo ni za kununuliwa". Hakuna anayeuliza: asilimia 68 ya nini, na ukilinganisha na nini?

2/
Kwa nini nalichukulia jambo hili kwa uzito? Kwa sababu Agosti 2027 tutapiga kura, na namba kama hizi ndizo zitakazotumiwa kutuomba kazi. Mtu atasimama jukwaani aseme "mimi niliorodheshwa wa pili nchini". Mpinzani wake atasimama kesho yake aseme "kaunti yetu iko chini ya wastani". Na wote wawili wanaweza kuwa wanasema ukweli kuhusu kaunti ile ile, mwaka ule ule.

Si mchezo. Katika mwaka wa fedha wa 2021/22, mgao wa Kakamega kutoka mapato ya kitaifa ulikuwa takriban shilingi bilioni 12.4. Hizo ni dawa, ni mishahara ya wauguzi, ni barabara za kutoka shambani hadi sokoni. Tukikosea kusoma alama za anayezisimamia, tunaweza kumfukuza anayefanya kazi tukamwacha anayejua kupiga picha. Au kinyume chake.

3/
Kuna neno hapa: benchimaki. Najua, Mkenya akilisikia anafikiria wawakilishi wadi wakipanda ndege kwenda ng'ambo "kujifunza". Wacha tuliweke hilo kando. Benchimaki ni kile unacholinganisha nacho tu. Mimi nitakiita kilinganishi.

Fikiria gorogoro sokoni. Mama akikuambia mahindi ni shilingi mia kwa gorogoro, bei hiyo haina maana mpaka ujue gorogoro yenyewe ikoje. Kuna mkebe mzima, na kuna mkebe uliogongwa chini mpaka tumbo likaingia ndani. Bei ile ile, mahindi si yale yale. Kwa hivyo mnunuzi mwerevu hageuzi mahindi peke yake. Anageuza na mkebe.

Namba za viongozi ni hivyo. "Asilimia 68" ni mahindi. Kilinganishi ni mkebe. Leo nataka tugeuze mkebe.

4/
Kwenye mijadala ya siasa utakutana na vilinganishi vya aina nne, karibu kila mara:

Kwanza, wenzake: anapimwa dhidi ya viongozi wengine.
Pili, jana: anapimwa dhidi ya hali ilivyokuwa kabla yake.
Tatu, lengo: anapimwa dhidi ya sheria au ahadi.
Nne, wastani: anapimwa dhidi ya kiwango cha kati cha kundi.

Kila kimoja kina kazi yake. Matatizo huanza mtu anapochagua kile kinachompendeza halafu asikuambie kuwa alichagua. Twende kimoja kimoja.

5/
WENZAKE. Huwa tunasema "kaunti 47" kana kwamba ni wanafunzi 47 waliokaa mtihani mmoja. Si kweli. Chukua Kakamega na Lamu.

Kwa sensa ya 2019, Kakamega ilikuwa na watu 1,867,579, ya nne kwa wingi nchini baada ya Nairobi, Kiambu na Nakuru. Lamu ilikuwa na watu 143,920. Yaani sisi ni karibu mara 13 yao. Sasa pesa: katika ule mwaka wa 2021/22, wakati kaunti zote zilipewa jumla ya bilioni 370, Lamu ilipata takriban bilioni 3.1. Sisi bilioni 12.4. Mara nne tu.

Gawanya kwa kichwa. Kakamega inatoka kama shilingi 6,600 kwa kila mtu. Lamu inatoka zaidi ya shilingi 21,000 kwa kila mtu.

6/
Kabla mtu hajapiga kelele kwamba tumeibiwa, subiri. Lamu ina eneo kubwa kuliko letu, ina visiwa, na kumfikisha mgonjwa hospitalini huko kunaweza kuhitaji boti. Fomyula ya mgao iliyotumika wakati huo ilikuwa na sehemu inayogawiwa kaunti zote sawa, asilimia 20, na idadi ya watu ilipewa asilimia 18. Mengine yalikuwa afya, umaskini, kilimo, ukubwa wa eneo, barabara na miji. Mnakumbuka mwaka 2020 Seneti ilivyokwama kwa wiki nyingi, wengine wakidai "mtu mmoja, shilingi moja" na wengine wakisema ardhi nayo ina gharama. Ule mvutano wote ulikuwa ugomvi wa vilinganishi! Tunapima kwa kichwa au kwa kilomita?

Somo letu ni dogo: ukiona orodha inayosema kaunti fulani imejenga zahanati nyingi kuliko nyingine, uliza ni nyingi kwa watu wangapi, kwa pesa ngapi, na kwa eneo gani. Kama ni lazima tujilinganishe na mtu, mimi ningeanza na Bungoma. Watu milioni 1.67, tunapakana, mvua yetu ni ile ile, miwa yetu ni ile ile. Hapo angalau mafahali wana uzito unaokaribiana.

7/
JANA. Hiki ndicho kilinganishi kinachopendwa zaidi jukwaani. "Nilipoingia hali ilikuwa hivi, leo ni hivi." Kina haki yake, kwa sababu kiongozi aliyerithi shimo hawezi kupimwa sawa na aliyerithi kilima. Lakini kina mtego.

Chukua akina mama kujifungua. Takwimu za kitaifa za afya na idadi ya watu zinaonyesha kwamba mwaka 2008/09 ni asilimia 44 tu ya uzazi nchini uliosaidiwa na mhudumu mwenye ujuzi. Mwaka 2014 ikawa 62. Mwaka 2022 ikawa 89. Hiyo ni Kenya nzima.

Sasa tuseme gavana wa kaunti yoyote anakuambia: "Chini yangu, kujifungua kwa msaada wa mhudumu kumepanda kwa asilimia 20." Unapiga makofi? Bado. Nchi nzima ilipanda alama 27 kati ya 2014 na 2022. Kama wewe ulipanda 20, maji yalipanda na mashua yako ikapanda kidogo kuliko nyingine.

8/
Na sababu ziko wazi. Mwezi Juni 2013 serikali ya kitaifa ilifuta ada za kujifungua katika hospitali za umma. Mwaka huo huo ugatuzi ukaanza, na afya ikaja kaunti. Hapa kwetu Kakamega ukaanzishwa mpango wa kuwapa akina mama wasiojiweza pesa kidogo kidogo kila wanapohudhuria kliniki. Nani apewe sifa? Huwezi kujua kwa kuangalia Kakamega ya jana na Kakamega ya leo peke yake, kwa sababu Nairobi walikuwa wanasukuma mkokoteni huo huo kutoka nyuma.

Njia ya haki ni kulinganisha mwendo kwa mwendo: sisi tulipanda kiasi gani, na kaunti zilizoanza mahali tulipoanza, bila mpango kama wetu, zilipanda kiasi gani? Ile tofauti ndiyo ya kiongozi wa hapa. Kilichobaki ni cha wakati.

Na mtego mwingine wa "jana" ni mwanzo mdogo. Tuseme wadi ilikuwa inakusanya shilingi laki moja sokoni, sasa inakusanya laki mbili. "Mapato yameongezeka kwa asilimia mia!" Kweli kabisa. Na bado ni laki mbili. Akikupa asilimia, mwombe shilingi. Akikupa shilingi, mwombe asilimia.

9/
LENGO. Hapa afadhali, kwa sababu sheria imeweka mistari. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka kaunti itenge angalau asilimia 30 ya bajeti yake kwa maendeleo. Kanuni za 2015 zinasema mishahara na marupurupu yasizidi asilimia 35 ya mapato ya kaunti. Hizi hazitegemei jirani wala jana. Umevuka au hujavuka.

Lakini angalieni neno "itenge". Kutenga si kutumia. Kaunti inaweza kuandika asilimia 32 kwenye bajeti mwezi Juni, na mwaka ukiisha iwe imetumia nusu yake. Atakayekuja kwenye redio atakutajia ya kutenga. Wewe muulize ya kutumia. Msimamizi wa Bajeti anatoa zote mbili, kaunti baada ya kaunti.

10/
Kuna lingine linalotuchanganya sana: "hati safi" kutoka kwa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Kiongozi akiipata ataibandika kila ukuta. Ni jambo zuri, msinielewe vibaya. Lakini maana yake ni kwamba vitabu vya hesabu vimeandikwa sawasawa na vinaonyesha pesa ilivyotumika. Haisemi kwamba pesa ilitumika kwa jambo la busara. Unaweza kununua uwigo wa dhahabu kwa ofisi, ukatunza risiti zote, na vitabu vikawa safi.

Na lengo la kujiwekea? Hapo geuza mkebe mara mbili. Kenya ilipoanza kandarasi za utendakazi katika mashirika ya umma mwaka 2004, wazo lilikuwa zuri: weka shabaha, upimwe mwisho wa mwaka. Lakini mfumo wowote ambapo anayepimwa anashiriki kuchagua shabaha una udhaifu mmoja. Mwenye tamaa anaahidi kisima 20, anachimba 14, anapata asilimia 70. Mwoga anaahidi 5, anachimba 6, anapata asilimia 120. Kwenye orodha mwoga yuko juu. Kwenye kijiji, nani amekuletea maji?

11/
WASTANI. Neno hili limelala vibaya vichwani mwetu. Tukisikia "chini ya wastani" tunasikia "amefeli".

Tuseme kaunti tano. Nne zinakusanya bilioni moja moja, ya tano ina jiji kubwa inakusanya bilioni 11. Jumla 15, gawanya kwa tano, wastani ni bilioni tatu. Kaunti nne kati ya tano ziko "chini ya wastani", na hakuna hata moja iliyofanya kosa. Ndivyo inavyokuwa Nairobi ikitiwa kwenye hesabu za mapato ya kaunti. Anayetaka kukukandamiza atatumia wastani wenye Nairobi ndani. Uliza wa katikati ni nani: ukizipanga zote kwa mstari, ile inayosimama katikati imepata ngapi?

12/
Na wastani wa kundi gani? Tazameni mfano huu wa nchi yetu. Katika ripoti ya Transparency International ya mwaka 2024 kuhusu jinsi ufisadi unavyoonekana, Kenya ilipata alama 32 kati ya 100, nafasi ya 121 kati ya nchi 180. Mwaka uliotangulia ilikuwa alama 31, nafasi ya 126.

Kutoka hapo naweza kukuandikia vichwa vya habari vinne, vyote vya kweli:
"Kenya yapanda nafasi tano."
"Kenya yaongeza alama moja tu."
"Kenya chini ya wastani wa Afrika kusini mwa Sahara", kwa sababu wastani huo ulikuwa 33.
"Kenya yaishinda Uganda", waliopata 26.

Na naweza kuongeza cha tano: "Kenya yaachwa mbali na Tanzania na Rwanda", kwa sababu walipata 41 na 57. Mtu wa serikali atachagua cha kwanza au cha nne. Mtu wa upinzani atachagua cha tatu au cha tano. Hakuna aliyedanganya. Na alama ni ile ile 32.

Angalieni pia: nafasi tano zimetoka kwenye alama moja. Nchi zimebanana hapo katikati kama abiria wa matatu ya jioni. Ukisogea kidogo tu, unapita watu watano. Kwa hivyo nafasi inaweza kuruka sana wakati hali imesogea kidogo mno.

13/
Hilo linanileta kwenye ORODHA zenyewe. Sisi wa mfumo wa zamani wa masomo tunajua utamu wa "namba moja darasani". Lakini mzazi aliyekuwa makini hakutazama namba peke yake. Alitazama alama. Namba moja mwenye 240 kati ya 500 ni namba moja wa darasa lililozama. Namba kumi mwenye 390 yuko kwenye darasa la moto.

Orodha inakuambia nani yuko mbele ya nani. Haikuambii kama aliye mbele amefika. Magavana wote 47 wanaweza kuwa wamefanya vibaya, na bado lazima mmoja awe wa kwanza.

14/
Sasa KURA ZA MAONI, kwa sababu picha nyingi za WhatsApp zinatoka huko. Tufanye hesabu polepole.

Kampuni inahoji watu 2,400 nchini. Kwa swali la kitaifa, hiyo ni sampuli nzuri. Ukingo wa makosa ni kama asilimia 2 juu au chini. Lakini kampuni hiyo hiyo ikitaka kupanga magavana, lazima iwagawe hao watu kwa kaunti. Ukigawa sawa kwa 47, kila kaunti inapata watu 51 hivi. Ukingo wa makosa unapanda hadi kama asilimia 14 juu au chini. Ukigawa kwa wingi wa watu, Kakamega inapata watu 94, ukingo kama asilimia 10. Na Lamu? Watu 7. Saba! Hao wanaenea kwenye kiti cha nyuma na cha katikati cha matatu moja.

Kwa hivyo gavana A akipata 61 na gavana B akipata 57, na ukingo ni 10, huwezi kusema A amemshinda B. Huenda kwa kweli B yuko mbele. Lakini picha itamweka A nafasi ya sita na B nafasi ya kumi na tisa, na watu watagombana nyumbani juu ya hiyo tofauti.

Utafiti mzuri wa magavana upo, ila lazima uhoji mamia ya watu katika kila kaunti. Watu 400 kaunti moja wanakupa ukingo wa kama asilimia 5. Kwa hivyo usitazame jumla kubwa iliyoandikwa juu. Uliza: kwetu hapa mlihoji wangapi?

15/
Sheria inatusaidia kidogo hapa. Sheria ya 2012 kuhusu uchapishaji wa kura za maoni za uchaguzi inataka anayechapisha aseme nani aliagiza utafiti, nani aliufanya, lini, watu wangapi, na ukingo wa makosa ni upi. Mimi nasema tuchukue maswali hayo hayo tuyaulize kwa kila orodha ya utendakazi, hata ile isiyokuja wakati wa uchaguzi. Orodha isiyosema nani aliilipia ni kama barua isiyo na sahihi. Isome ukipenda, lakini usiipeleke mbele.

16/
Swali la mwisho kuhusu mkebe: kinapimwa nini hasa? Kuna kazi na kuna sifa ya kazi. Ukimuuliza mtu wa Lugari "unaridhika na gavana wako?", anajibu kwa vile anavyojisikia siku hiyo. Labda barabara imetengenezwa. Labda amesikia mahojiano mazuri redioni. Labda gavana ni mtu wa kwao. Maoni hayo ni halali, kwa sababu serikali ni yetu na tukijisikia vibaya ni habari. Lakini si sawa na kuhesabu dawa kwenye zahanati.

Tena matarajio nayo hubadilika. Mahali watu hawajawahi kuona lami, kilomita mbili zinaleta shangwe. Mahali wamezoea lami, shimo moja linaleta matusi. Wa kwanza anaweza kupata asilimia 75 na wa pili 45, ilhali wa pili ana barabara bora. Ndiyo maana kiwango cha kuridhika hakifai kutumika peke yake kulinganisha kaunti mbili. Kinafaa zaidi kulinganisha kaunti na yenyewe, mwaka hadi mwaka.

17/
Najua kuna mtu hapa ameshaanza kusema moyoni: "Basi namba zote ni uongo, tuachane nazo." Hapana. Nakuomba, usifike huko. Hapo ndipo kiongozi mvivu anataka ufike.

Ukiamini kila orodha, utadanganywa na wanaozinunua. Ukikataa kila orodha, utabaki na nini cha kumpima kiongozi? Ukoo wake, mfuko wake, na sauti yake jukwaani. Na hapo ambaye ameweka dawa kwenye zahanati ya Navakholo na ambaye hajaweka wanakuwa sawa, kwa sababu umesema hakuna kipimo. Mtu anayefanya kazi anahitaji vipimo vya haki kuliko mtu yeyote. Bila hivyo, hana njia ya kuonyesha.

Kwa hivyo tusiuvunje mkebe. Tuugeuze, tuuangalie, tupime.

18/
Haya, andikeni. Maswali saba ya kuuliza kabla ya kusambaza:

Namba hii inapima nini: kazi iliyofanyika, au maoni ya watu?
Analinganishwa na nani, na kwa nini hao?
Kwa kila mtu, kwa kila shilingi, au jumla tu?
Kuanzia mwaka gani, na mwaka huo ulichaguliwa na nani?
Wengine wote walisogea kiasi gani katika muda huo huo?
Tofauti kati ya nafasi na nafasi ni alama ngapi, na ukingo wa makosa ni upi?
Nani alilipa?

Ukipata majibu ya manne kati ya saba, una kitu cha kujadili. Ukikosa yote, una picha nzuri tu.

19/
Na msikae mkingoja kuletewa namba. Msimamizi wa Bajeti hutoa ripoti za utekelezaji wa bajeti kwa kila kaunti, na ziko wazi kwenye mtandao. Mkaguzi Mkuu naye hivyo hivyo. Ni ndefu, zina majedwali mengi, lakini kurasa za Kakamega ni chache. Watu watatu wakigawana wanamaliza jioni moja.

Pale ambapo hamwoni mnachotafuta, Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa afisa siku 21 kukujibu. Huhitaji wakili. Andika barua, bakisha nakala, weka tarehe.

Pendekezo langu kwa kikundi hiki: tuchague mambo matatu tu. Siku ambazo zahanati ya karibu ilikosa dawa za msingi. Pesa za maendeleo zilizotumika dhidi ya zilizotengwa. Na mishahara iko upande gani wa ile asilimia 35. Tuyaandike kila robo ya mwaka, kwetu na Bungoma, Busia na Vihiga. Ikifika Agosti 2027, atakayekuja na picha ya "nafasi ya tatu", tutakuwa na daftari letu mezani, na tutamuuliza kwa heshima: wa tatu kati ya nani?

20/
Hayo ndiyo niliyoyasema. Kulikuwa na maswali mazuri baadaye, hasa kuhusu ile hesabu ya sampuli. Kesho nitaifafanua hapa hatua kwa hatua kwa wasiopenda hisabati. Kama una orodha iliyoingia kwenye grupu yenu wiki hii, iweke hapo chini, lakini futa kwanza jina na picha ya kiongozi. Tuisome bila kujua ni ya nani, halafu tuone kama tutaisifu au tutaikosoa vile vile.